Jarida la Kwani? na gharama ya kuchanganya tanzu

Likitajwa jarida la Kwani? la Nairobi, wasomaji hugawanyika. Wapo wanaosema ndilo lililoamsha uandishi wa Kenya baada ya enzi ya Moi. Wapo pia, hasa walimu wa fasihi vyuoni, waliolichukulia kama kapu la kila kitu: hadithi fupi, katuni, picha, mashairi ya Sheng na makala za uchunguzi, tanzu, yaani aina za maandishi, mbalimbali ndani ya jalada moja. Mimi nalitetea kapu, ila si kwa kila jambo.

Lilianza mwaka 2003. Binyavanga Wainaina, mwanzilishi wake, alikuwa ameshinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka uliotangulia, na Moi alikuwa ametoka Ikulu Desemba 2002. Watu walikuwa na mengi ya kusema, lakini wachapishaji wakubwa wa Kenya huishi kwa vitabu vya shule. Andiko lisilo na dalili ya kuingia darasani huwapa hasara. "Weight of Whispers" ya Yvonne Adhiambo Owuor, kuhusu mkimbizi wa tabaka la juu kutoka Rwanda anayeporomoka jijini Nairobi, ni ndefu mno kwa gazeti na fupi mno kwa riwaya. Kwani? lilichapisha hadithi hiyo, na mwaka huohuo ikampatia Owuor Tuzo ya Caine.

Toleo la tano ndilo linalonishawishi zaidi. Lilitoka kwa sehemu mbili baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilisema ziliua watu 1,133. Ushuhuda wa wananchi, picha, hadithi na mashairi vilikaa pamoja. Hadithi za kubuni peke yake zingeonekana zinakwepa. Ripoti nayo tulipewa, ya Waki yenyewe, na waliomaliza kuisoma ni wachache.

Hata hivyo walimu wale hawakukosea kote. Andiko lisilo na utanzu linapimwa kwa kipimo gani? Shairi likichechemea, mwenyewe anasema ni majaribio. Kumbukumbu zikiwa na uongo, anasema ni ubunifu. Waswahili mgogoro huu tunaujua. Mtanzania Euphrase Kezilahabi alipoleta mashairi huru katika diwani yake Kichomi mwaka 1974, watetezi wa vina na mizani walimjia juu. Kezilahabi alistahili kusomwa, na baadaye akathubutu zaidi katika Nagona, ambapo riwaya, ngano na falsafa havitenganishiki. Lakini nyuma yake walipenya wengi waliokata mistari tu bila kuwa na shairi.

Lawama ya lugha naiona nzito kuliko ya utanzu. Jarida lililojivunia kuvunja mipaka liliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Sheng vikija kama viungo vya kukolezea. Katika hili wanaolisifu huwa kimya.

Halafu kuna fedha. Kwani? lilisaidiwa na Ford Foundation, shirika la ufadhili la Marekani, na matoleo yakawa yanapishana kwa miaka: la saba 2012, la nane 2015. Ufadhili wa nje una historia chungu kwetu. Transition, jarida la fasihi na siasa lililoanzishwa na Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961, lilichafuka jina ilipofichuka kwamba shirika lililolisaidia lilikuwa likipokea fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 1968 serikali ya Rais Obote wa Uganda ikamtia Neogy ndani. Sisemi Ford ni CIA. Nasema jarida lisilonunuliwa na shule wala kubebwa na matangazo litamtegemea mtu, na mtu huyo akiondoka hakuna wa kulipa mchapaji.

Jalada, kundi la waandishi lililoanza 2013, lilikwepa gharama ya karatasi kwa kuchapisha kwenye intaneti. Mwaka 2016 lilitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kigĩkũyũ, ikafasiriwa kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Hilo lajibu suala la lugha vizuri kuliko Kwani?. Mchapishaji mdogo wa leo angeanzia hapo, kisha atafute wahariri wakali, wanaojua shairi kwa kulisoma na wasioona haya kulirudisha kwa mwenyewe.