Widal: karatasi moja haithibitishi taifodi

Ukipata homa Dar es Salaam, iwe Mbagala au Tegeta, na malaria isionekane, huenda ukaondoka zahanati na karatasi ya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, iliyoandikwa "O 1:160" pamoja na dozi ya antibiotiki ya sipro. Wapo wataalamu wanaotaka kipimo hiki kiachwe kabisa. Wapo pia waganga wa zahanati wanaosema kikiondoka watabaki mikono mitupu.

Ubishi huu unaanzia kwenye kemia. Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896, hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kingamwili; "O 1:160" maana yake kingamwili za alama za O zilionekana hata damu ilipozimuliwa mara 160. Ngozi ya nje ya Salmonella Typhi, anayeleta taifodi, ina mafuta yaliyoshikana na minyororo ya sukari. Sukari ya tivelozi, inayompa alama ya O9, anayo pia ndugu yake Enteritidis, Salmonella asiyeleta taifodi. Ndugu mwingine wa aina hiyo, Typhimurium, ana sukari ya abekwozi mahali pake, lakini uti wa mnyororo, alama ya O12, ni wa wote watatu. Kingamwili za mmoja zinaweza basi kumnasa mwingine, na zile za ugonjwa uliokwisha pona huweza kukaa kwenye damu kwa miezi.

Mwilini, hata hivyo, tabia zao hazifanani. Typhimurium hugutusha kinga mapema: seli nyeupe humiminika kwenye utumbo na kuhara huanza ndani ya siku chache. Typhi hujivika koti la sukari liitwalo Vi, linaloyaficha mafuta yale yasitambuliwe na TLR4, vipokezi vya kinga ya mwili. Hupenya kimyakimya, na homa hupanda baada ya wiki moja au mbili, pengine bila kuhara. Chanjo mpya za taifodi hulenga koti hilohilo, ndiyo maana hazimkingi mtu dhidi ya ndugu zake wasio nalo.

Waganga wana hoja. Kuotesha damu, yaani kukuza bakteria waliomo ili waonekane, huchukua siku kadhaa na hukosa karibu wagonjwa wanne katika kila kumi, ilhali taifodi ikiachwa inaweza kutoboa utumbo. Lakini kumwaga sipro kwa kila "O 1:160" kunalea usugu wa vimelea, na homa yenyewe inabaki bila jina. Hilo siwezi kulitetea.

Vipimo viwili vya Widal vilivyopishana siku kumi, kuona kama kingamwili zimepanda, vingesema zaidi, ila wagonjwa wachache hurudi. Mimi ningeanza na watoto wenye utapiamlo au malaria kali, ambao Salmonella zisizo za taifodi huwaingia hadi kwenye damu: ichukuliwe sampuli ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, kisha dawa ianze jioni hiyohiyo.