Kukosa muda si sawa na kukosa ujuzi

Mtu akisema "kazi hii nitampa mtu", huenda anaijua kazi yenyewe ila siku haimtoshi. Huenda pia haijui kabisa. Wote wawili watatafuta mtu, watapatana bei, watatoa arbuni na kusubiri. Kwa nje wanafanana, lakini hatari iliyo mbele yao si moja, na ushauri mwingi unaotolewa kuhusu jambo hili huwaweka kapu moja.

Nianze na asiye na muda, kwa kuwa ndiye mwenye kiburi zaidi. Atakwambia: nimpe wa nini, wakati mimi naifanya vizuri kuliko yeye? Hoja hiyo ilijibiwa zamani. Mwaka 1817 mwanauchumi wa Uingereza, David Ricardo, alitoa mfano wa hesabu: Ureno inahitaji watu 80 kuzalisha kiasi fulani cha mvinyo kwa mwaka na watu 90 kuzalisha kiasi fulani cha nguo, ilhali Uingereza inahitaji 120 kwa mvinyo na 100 kwa nguo. Ureno inashinda kotekote. Hata hivyo, inapata zaidi ikiweka nguvu kwenye mvinyo, inakoshinda kwa tofauti kubwa zaidi, na kununua nguo kwa Uingereza. Kwa hiyo kumzidi mwenzako si sababu ya kung'ang'ania kazi. Jiulize saa ile ungeitumia kufanya nini kingine, na kama jibu lipo kweli. Wapo wanaolipia muda, kisha muda huo hawaufanyii lolote.

Niliwahi kuwa na rekodi za mahojiano zilizohitaji kuandikwa neno kwa neno. Saa moja ya sauti hunila saa nne hivi za kuandika, nami nilikuwa na kazi nyingine mezani. Nikampa kijana mmoja mwenye vidole vyepesi kwenye kibodi. Alirudisha kurasa safi, kwa wakati. Katika ukurasa mmoja aliandika "akakubali" mahali ambapo mzungumzaji alisema "hakukubali". Ile h ya mwanzo ilikuwa imemezwa, kama tunavyoimeza tukizungumza haraka, na mtu aliyekataa akageuka kuwa aliyekubali. Nililiona kosa hilo mara moja kwa sababu kazi ile naijua na mahojiano niliyafanya mwenyewe. Marekebisho yalichukua dakika chache. Hapo kumpa mtu kazi kulinilipa, kosa na yote.

Halafu nikataka tovuti. Huko sikujua kitu. Fundi alinionyesha kurasa, nikasifia rangi, maana rangi ndicho kitu pekee nilichoweza kukipima. Baada ya muda nilipotaka kuihamisha, nikagundua kwamba jina la tovuti limeandikishwa kwa jina lake na barua pepe yake. Kisheria sikuwa mwenye nyumba niliyokuwa nikiilipia. Sidhani alikusudia kunidhulumu. Ndivyo alivyozoea kufanya, nami sikujua kwamba kuna swali la kuuliza. Anayekosa ujuzi huuziwa mbuzi kwenye gunia hata na muuzaji mwaminifu.

Ningependa kuishia hapo na kusema: mwenye ujuzi yuko salama, asiye nao ajihadhari. Lakini kuna mfano unaonisumbua. Mwaka 1980 kampuni ya IBM ya Marekani iliamua kutengeneza kompyuta binafsi kwa takriban mwaka mmoja. Kampuni hiyo haikukosa wataalamu, ilikosa muda. Kichakataji, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, ikanunua kwa Intel; mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha, ikachukua kwa Microsoft, na Agosti 1981 kompyuta ikatoka. Kwa upande wa muda, uamuzi ulifaulu. Ila Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia wengine mfumo uleule, na kampuni nyingine zikatengeneza kompyuta zinazofanana na ya IBM. Thamani kubwa ikaangukia sehemu zile mbili zilizotolewa nje, na mwaka 2005 biashara ya kompyuta binafsi ya IBM ikaishia mikononi mwa kampuni ya Lenovo ya China. Kwa hiyo ujuzi wa kazi hautoshi. Lazima pia ujue ni kipande kipi kinachoshika vingine vyote, na wakati mwingine hilo halionekani mapema.

Gharama nyingine husahaulika kwa sababu hailipwi kwa fedha. Mwanauchumi Ronald Coase aliieleza mwaka 1937 alipouliza kwa nini kampuni zipo kabisa, badala ya kila kazi kununuliwa sokoni: kutafuta mtu, kupatana naye na kusimamia makubaliano nako ni kazi. Kazi ya dakika 40 ambayo kuielezea kwahitaji saa nzima, ifanye mwenyewe. Ikiwa itarudi kila wiki, hapo hesabu inageuka, maana maelezo hutolewa mara moja.

Na yule anayepewa? Tunamsahau, na hili linaniuma. Kazi iliyokaa mezani kwako wiki tatu inafika kwake ikiwa ya kesho asubuhi. Maelezo ni mistari miwili, mabadiliko hayana mwisho, malipo yanasubiri "nikipata nafasi". Kisha tunalalamika kwamba watu hawana umakini. Sehemu kubwa ya kazi mbovu niliyopokea ilianza na maelezo mabovu niliyoyatuma.

Siku hizi, kwa jambo nisilolijua, kwanza najaribu kipande kidogo mwenyewe, vibaya, ili nijue ugumu uko wapi. Likiwa kubwa, namlipa mtu wa pili kwa saa moja tu, asiifanye kazi bali anieleze niulize nini na nidai nini mwishoni. Inaongeza gharama, na si kila mtu anaimudu.

Tovuti bado ipo. Jina lake limeandikishwa kwangu, nywila ninayo, na tarehe ya kulipia upya nimeiandika kwenye kalenda. Kuunda kurasa bado simudu, na fundi ni yuleyule.