Dawa ya Deni ni Kulipa, Si Kukata Utepe

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja alinitumia picha ya hafla iliyofanyika karibu na mgodi wa almasi, na tangu siku hiyo sijatulia. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima mwenye mvi, ameinama na kunyoosha mikono yote miwili kupokea hundi ya kadibodi yenye ukubwa wa mlango, huku meneja wa mgodi, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wake, amesimama wima akiitazama kamera. Hilo ningelivumilia, maana tumekwisha kulizoea. Kilichonichefua ni maelezo yaliyoandikwa chini ya picha: wananchi walikuwa wakiishukuru kampuni kwa kutekeleza matakwa ya sheria.

Hebu yarudie maneno hayo polepole. Wananchi wanamshukuru mtu kwa kutii sheria. Kwa mantiki hiyo, kila dereva anayesimama taa nyekundu inapowaka anastahili kwaya, vigelegele na shada la maua.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, hakikutuacha gizani katika jambo hili. Tunalo neno wajibu na tunalo neno hisani, na hakuna mzungumzaji wa lugha hii anayeyachanganya nyumbani kwake. Waliosoma madrasa utotoni watakumbuka jinsi mwalimu alivyotenganisha faradhi na sunna: ya kwanza ukiiacha utaulizwa, ya pili ukiitenda utasifiwa na ukiiacha huna deni. Nyaraka za serikali na za migodi hutumia maneno “wajibu wa kampuni kwa jamii”. Lakini siku ya hafla inapofika, neno wajibu hufichwa uvunguni, na kibao kinachozinduliwa huandikwa “Msaada wa”. Mdaiwa anageuka mfadhili mbele ya macho yetu, na sisi tunaodai ndio tunaopiga makofi.

Nchini Tanzania jambo hili halikuachwa kwa hiari ya mtu. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka kifungu cha 105, kinachomtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa inayohusika. Ni hatua nzuri, nakiri. Hata hivyo kifungu hicho hakikutaja kiasi, na pale ambapo kiasi hakikutajwa, mwenye fedha ndiye anayeamua lipi linatosha. Ukimwambia mpangaji wako kwamba kodi ni lazima lakini usimtajie ni kiasi gani, usishangae akikuletea kuku na kukuomba mpige picha pamoja.

Tuseme basi madawati yamepokelewa na darasa limejengwa. Swali langu ni dogo: almasi zilizotoka mwaka huo ziliuzwa kwa bei gani, na nani aliyezithamini? Kwa maoni yangu uwajibikaji wa mgodi wa almasi unaanzia kwenye meza ya mthamini. Dhahabu ina bei ya dunia ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisoma asubuhi. Almasi haina bei ya namna hiyo. Kila jiwe ghafi hupimwa peke yake kwa uzito, rangi, usafi na umbo, na wathamini wawili waaminifu kabisa wanaweza kulitazama jiwe moja wakatofautiana bei. Wasio waaminifu hawahitaji kuiba jiwe hata moja. Wanahitaji tu kuandika kwamba rangi yake si nzuri sana.

Chukua mfano wa kubuni. Mgodi unauza almasi zenye thamani halisi ya dola milioni 50 kwa mwaka. Mrabaha wa almasi nchini Tanzania, yaani sehemu ya thamani ya mawe inayolipwa serikalini, tangu mwaka huohuo wa 2017 ni asilimia 6, kwa hiyo serikali inastahili dola milioni 3. Thamani ikipunguzwa kwenye karatasi kwa asilimia 10 tu, mrabaha peke yake unapungua kwa dola 300,000. Hapo hujagusa ushuru wa huduma wa halmashauri, unaokokotolewa kutokana na mapato, wala kodi ya faida, ambayo ndiyo hupata jeraha kubwa zaidi kwa sababu kila dola iliyofichwa ilikuwa faida tupu. Sasa linganisha hasara hiyo na ile hundi ya kadibodi. Sisemi kwamba kila mgodi unafanya hivyo. Ninasema kwamba jamii inayohesabu madawati bila kuhesabu karati, kipimo cha uzito wa almasi, inatazama mkono usio sahihi wa mfanya mazingaombwe.

Na kwa kuwa tunazungumzia zawadi, niruhusuni kuchepuka kidogo. Mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, uligunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson. Miaka saba baadaye kulipatikana hapo almasi ya waridi ya karati 54.5, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, kisha ikachongwa na kupambwa kwenye pini ya kifuani. Sina kinyongo na bibi harusi. Ila kila ninaposikia kwamba kampuni za almasi zina moyo wa kutoa, hulikumbuka jiwe hilo, na kujiuliza ni nani aliyeombwa ridhaa kabla zawadi haijafungwa.

Mwadui hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisiweze kuandika makala haya kwa sauti ya upole. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi huo, ilitangaza kwamba imefikia mapatano na walalamikaji 71 waliokuwa wamefungua madai jijini London, wakieleza kwamba wao au ndugu zao waliumizwa, na wengine kuuawa, katika operesheni za ulinzi wa mgodi. Kampuni ilikiri kwamba kulikuwa na matukio yaliyosababisha vifo, majeraha na mateso kwa watu walioingia mgodini bila kibali, wale wanaoitwa wabeshi, lakini mapatano yenyewe yalifikiwa bila kukubali dhima kisheria. Kiasi kilichotangazwa kilikuwa pauni milioni 4.3.

Sasa angalia kilichomo ndani ya kiasi hicho. Humo mliwekwa fedha za walalamikaji, mchango wa gharama za mawakili, na pia fedha za miradi ya kuzisaidia jamii zinazouzunguka mgodi. Nilipolisoma tangazo hilo nilirudi nyuma kuhakikisha kwamba sijakosea. Fidia ya mtu aliyepigwa risasi na mradi wa maendeleo ya kijiji vilikuwa vimekaa katika jumla moja, kama chumvi na sukari katika kopo moja. Inawezekana kabisa kwamba mawakili wa pande zote waliona huo ndio mpango bora uliopatikana, na baadaye kulianzishwa utaratibu huru wa kusikiliza malalamiko mengine, jambo ambalo siwezi kulibeza. Lakini mtu aliyevunjwa mguu anadai mguu wake. Hadai kisima. Kijiji kinachohitaji kisima nacho hakipaswi kusubiri hadi kijana wake avunjwe mguu ndipo mradi upatikane. Tukiruhusu vitu hivi viwili vikae katika hesabu moja, siku moja tutaambiwa kwamba zahanati ni jibu la risasi, na baadhi yetu tutaitika “ahsante”.

Novemba 2022 ukuta wa bwawa la kuhifadhia tope la mgodi huohuo ulibomoka, na tope likafurika hadi kwenye mashamba na makazi nje ya eneo la mgodi. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeripotiwa kufa. Nalitaja kwa sababu ukuta wa bwawa haupendezi kupigwa picha. Hakuna waziri anayealikwa kukata utepe kwa sababu ukuta umekaguliwa na kuonekana imara, ilhali huo ndio wajibu kwa jamii ulio mkubwa kuliko madarasa yote: watu walale usingizi bila tope kuwaingilia ndani.

Kuna watakaoniambia kwamba ahadi ni bora kuliko kutopata chochote. Hao ninawapeleka Marange, mashariki mwa Zimbabwe. Mwaka 2008 jeshi liliwafukuza kwa mabavu wachimbaji wadogo katika mashamba hayo ya almasi, na shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kwamba zaidi ya watu 200 waliuawa. Baadaye kampuni ziliingia, familia zikahamishwa kutoka Chiadzwa, penye almasi hizo, hadi Arda Transau, na ukaundwa mfuko wa hisa za jamii ya Marange na Zimunya. Ilitangazwa kwamba kampuni tano zingetoa dola milioni 10 kila moja, yaani dola milioni 50. Miaka ilipita, suala likafika bungeni, na ilipofika mwaka 2014 mfuko ulikuwa umepokea dola 400,000 tu. Zilipoulizwa, kampuni zilidai hazikuwahi kutoa ahadi hiyo.

Hapo ndipo hisani inapoonyesha uso wake. Ahadi ya hisani haina hati ya madai, haina tarehe ya kulipwa wala riba ya kuchelewa, na mwenye kuahidi anaweza kuamka asubuhi akasema mlimsikia vibaya. Mrabaha hausikiwi vibaya. Mkusanya kodi hakaribishwi kwenye hafla, hakati utepe wala hapewi fulana yenye nembo, lakini akifanya kazi yake sawasawa mwaka mmoja, hufanya zaidi ya hundi za kadibodi za miaka kumi. Niliwahi kumweleza hayo afisa mmoja wa mahusiano ya jamii wa mgodi ambao sitautaja. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba kodi haionekani, na kwamba watu wanataka kitu wanachoweza kukishika. Nilimuuliza ni watu gani hao, wanakijiji au wanahisa. Alibadilisha mazungumzo.

Naona Botswana inatajwa tayari, kwa sababu hutajwa kila mara kama mfano mwema. Ndiyo, nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba hapo kampuni ya almasi ilifanya jambo ambalo sheria haikuilazimisha: mwaka 2001 Debswana ilianza kuwapa wafanyakazi wake dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakati ambapo waajiri wengi barani walikuwa wakiangalia pembeni. Kuna watu walio hai leo kwa sababu ya uamuzi huo, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuucheka. Lakini msinigeuzie habari. Botswana haikujengwa na hisani. Almasi za Orapa ziligunduliwa mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru, mgodi wa Jwaneng ukafunguliwa mwaka 1982, na njiani serikali ilikaa mezani ikadai hadi ikapata nusu ya hisa za Debswana, juu ya kodi na mrabaha. Shule na barabara zilitoka kwenye bajeti ya taifa. Hata hivyo Basarwa, wenyeji wa jadi wa Kalahari ya Kati, walioondolewa katika ardhi yao hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2006 kwamba waliondolewa kinyume cha sheria, wana lao la kusema kuhusu sifa hizi zote, ingawa serikali ilikana kwamba almasi zilihusika.

Sierra Leone nayo ilijaribu njia ninayoipenda zaidi: tangu mwaka 2001, sehemu ya kodi ya almasi za wachimbaji wadogo zinazouzwa nje hurudishwa katika maeneo ya kichifu zilikotoka. Miaka ya mwanzo malalamiko yalikuwa mengi kwamba baadhi ya machifu walizitumia fedha hizo bila kutoa hesabu. Sawa. Mwizi wa fedha za umma anaweza kushtakiwa. Ahadi iliyosahauliwa haina mshtakiwa.

Mchakato wa Kimberley, mpango wa kimataifa wa kuthibitisha almasi ghafi ulioanza kutoa vyeti mwaka 2003, siutegemei katika hili. Ulibuniwa kuzuia almasi zinazofadhili waasi wanaotaka kuangusha serikali halali. Mlinzi wa mgodi anayempiga mbeshi hamwangushi mtu serikali, kwa hiyo cheti kinatolewa.

Najua pia kwamba serikali zetu hukusanya kodi na fedha zikapotea njiani, na kwamba mtoto anayekaa chini hajali dawati lake limetoka fungu gani. Hoja hiyo inaniuma kwa sababu ni ya kweli. Lakini kuiacha kampuni iwe serikali ya kijiji kwa kuwa serikali yenyewe ni mbovu ni kumpa jirani funguo za nyumba kwa kuwa baba ni mlevi, na mgodi ukifungwa jirani ataondoka na funguo zake.

Nilimjibu rafiki yangu aliyenitumia picha. Nilimwomba, kwa kuwa yuko karibu, aniulizie mambo matatu katika ofisi ile iliyoandaa hafla: mgodi ulizalisha karati ngapi mwaka jana, ziliuzwa kwa kiasi gani, na ushuru wa huduma uliolipwa ulikuwa kiasi gani. Alikwenda. Picha za hafla alipewa nyingine kumi na mbili bila kuomba. Kuhusu takwimu, aliambiwa aandike barua.