Sakramenti inayosubiri ukumbi: ndoa ya Kikristo na gharama za harusi Tanzania

Katika parokia za Kikatoliki na sharika za Kilutheri za mijini nchini Tanzania kuna waumini ambao kila padri na kila mchungaji anawafahamu kwa sura. Wameishi pamoja miaka kadhaa, wamezaa watoto na kuwabatiza, wanahudhuria jumuiya au ibada za nyumba kwa nyumba, wanatoa sadaka, lakini ikifika saa ya Komunyo au ya Meza ya Bwana wanabaki kwenye mabenchi yao. Baadhi yao wana kizuizi cha kweli, kama vile mmoja wao kufungwa na ndoa ya awali. Waliobaki, ukiwauliza kwa nini hawajafunga ndoa, hawatoi hoja ya kiimani wala hawasemi kwamba wana shaka na wenzao. Wanajibu kwamba bado wanajipanga, na kinachopangwa ni fedha za harusi.

Wapo wanaoona hapo ushahidi kwamba utamaduni wa soko umeiteka ndoa ya Kikristo, na kwamba dawa ni kurudi kwenye harusi ndogo. Wapo pia wanaojibu kwamba harusi kubwa ni ya ukoo na jamii kabla ya kuwa ya soko, na kwamba anayeipunguza anapunguza undugu. Mimi naegemea upande wa kwanza, ingawa si kwa moyo wote, kwa kuwa upande wa pili una hoja ambazo wahubiri wengi huzipita haraka.

Ni vizuri kuanza na kile ambacho Kanisa lenyewe linakidai. Hadi Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulipotoa agizo lake la mwaka 1563, Kanisa la Magharibi lilihesabu kuwa halali hata ndoa ambayo watu wawili waliifunga kwa kukubaliana tu, bila padri wala mashahidi, na madhara yake yalikuwa makubwa, kwa kuwa aliyeahidi kwa siri aliweza kukana hadharani na kuoa kwingine. Agizo hilo liliweka sharti la paroko, mashahidi wawili au watatu, na matangazo ya mara tatu mbele ya waumini. Kwa ufupi, Kanisa lilitaka ndoa ijulikane, lakini halikusema kamwe kwamba ijulikane na watu mia tano walioketi mezani. Mpaka leo sheria ya Kanisa Katoliki inaridhika na ridhaa ya wawili hao, mhudumu mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo haidai mengi zaidi: inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, na inasema wazi kwamba kutotimizwa kwa mila za mahari au za kupeana zawadi hakuibatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 160, inadhania kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kutambuliwa na jamii kama mume na mke wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Hivyo watu wale wanaobaki kwenye benchi wamekwisha kudhaniwa na serikali kuwa wanandoa, wakati Kanisa lao linawahesabu kuwa wanaishi katika uzinzi, na kinachowatenganisha na altare ni gharama ambayo si serikali wala Kanisa lililoiandika.

Ni nani basi aliyeiandika? Kwa sehemu kubwa ni kamati. Miezi kadhaa kabla ya tarehe huteuliwa mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Vikao hukaa kila wiki. Kundi la WhatsApp hufunguliwa. Ahadi huorodheshwa kwa majina, na anayechelewa kulipa hukumbushwa mbele ya wote. Fedha hugawanywa kwa ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, keki, mshereheshaji, muziki, picha, video, magari na sare. Kabla ya hapo upande wa binti umekwisha kufanya kichen pati na sendofu, kila moja ikiwa na kamati yake na kadi zake. Baada ya yote huja sherehe ya kuvunja kamati, ambayo nayo, bila aibu yoyote, ina bajeti.

Anayecheka orodha hiyo akumbuke kwamba ndani yake kuna jambo ambalo Wakristo wa nchi nyingi tajiri wamelipoteza. Kijana wa kawaida wa Mbagala au wa Moshi hawezi kulisha mamia ya watu kwa mshahara wake, na hakuna anayetarajia afanye hivyo. Wanaolisha ni wajomba, shangazi, wafanyakazi wenzake, majirani, wanakwaya na watu aliosoma nao. Paulo aliwaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo, na mfumo wa michango ni mojawapo ya njia chache zilizobaki mjini ambazo watu hufanya hivyo kwa utaratibu wa kudumu, kwa kuwa kamati hizohizo na majina hayohayo huitwa tena mtu akiugua au akifiwa. Huwezi kuukata mkono huo kwenye harusi ukatarajia uwepo kwenye msiba. Tena wapishi, washonaji, wapambaji na wapiga matarumbeta wanaolipwa na harusi ni waumini wa makanisa hayohayo, wenye ada za shule za kulipa.

Upande huu una hata Injili ya kuitegemea. Yesu alipokwenda harusini Kana hakumshauri bwana harusi apunguze wageni. Yohana anasimulia kwamba palikuwa na mabalasi sita ya mawe, kila moja likichukua nzio mbili au tatu, nayo yakajazwa mpaka juu. Kwa vipimo vya leo hiyo ni zaidi ya lita 400 za divai, tena divai njema, kwa karamu ambayo ilikuwa imekwisha kunywa ya kwanza. Mtu anayetaka kuhubiri kwamba sherehe kubwa ni dhambi atapata shida sana na sura hiyo.

Hata hivyo pana tofauti moja kati ya Kana na ukumbi wa Dar es Salaam, nayo ni kadi. Mchango umegeuka kiwango, mara nyingi kimoja kwa mtu mmoja na kingine kwa wawili, na asiyekifikia hapati kadi, na asiye na kadi hapiti mlangoni. Katika Luka 14 Yesu anamwambia aliyemwalika kwamba afanyapo karamu asiwaite matajiri, wasije wakamwalika nao akalipwa, bali awaite maskini na vilema, ambao hawana cha kumlipa. Utaratibu wetu umejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume kabisa: anaitwa aliyekwisha kulipa. Jirani mjane aliyemlea bibi harusi akiwa mdogo anaweza kuwapo kanisani asubuhi na asiwepo ukumbini jioni, na hakuna mtu kwenye kamati aliyekusudia kumdhalilisha. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliotimiza ahadi, basi. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa kosa la namna hiyohiyo, la kula kwa namna inayowatahayarisha wasio na kitu.

Hapo ndipo ninapoona soko limeingia. Halikuingia kwa ukubwa wa sherehe, kwa kuwa wazee wetu walichinja ng'ombe na kupika pombe ya siku kadhaa bila kumtoza mtu kiingilio. Liliingia pale undugu ulipowekewa bei, na pale vitu fulani vilipopata hadhi ya lazima kana kwamba vimeagizwa na Maandiko. Gauni jeupe, kwa mfano, lilienea duniani kutokana na harusi ya Malkia Victoria wa Uingereza ya mwaka 1840. Pete ya almasi ilitukuzwa na kampeni ya matangazo ya kampuni ya De Beers nchini Marekani, ambayo kaulimbiu yake maarufu ilitungwa mwaka 1947. (Mwaka huohuo almasi ya waridi iliyochimbwa Mwadui, Shinyanga, ilitolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth, udongo ulikuwa wetu.) Hakuna ubaya wa kuvaa gauni jeupe. Ubaya ni mtu kukaa miaka sita bila Komunyo kwa sababu ya gauni.

Makanisa yenyewe hayawezi kujitoa katika lawama hii. Wachungaji wengi hukemea anasa mimbarani, kisha hualikwa meza kuu na kufungua chakula kwa sala. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, alieleza jambo hili bila kuzungusha: maandalizi ya mwisho humezwa na kadi, mavazi na karamu hadi maharusi wanafika siku yenyewe wamechoka, na wapo wanaoendelea kuishi pamoja bila ndoa kwa sababu ya gharama. Parokia na sharika kadhaa zimejibu kwa ndoa za pamoja, ambapo jozi nyingi hufunga ndoa katika ibada moja na kula chakula kilichoandaliwa na waumini.

Ndoa za pamoja zimewarudisha watu wengi kundini, lakini pingamizi lake ni zito. Mitaani zimepata sifa ya kuwa harusi za wasio na uwezo au za waliochelewa, na msichana anayeanza maisha hataki kuanza na sifa hiyo. Pia kwa mwanamke harusi ya hadharani ni kinga. Mume akifariki na ndugu zake wakaja kudai nyumba, mamia walioiona ndoa ikifungwa na kusherehekewa wana uzito kwenye kikao cha ukoo. Ni kweli kwamba mahakamani kitakachomsaidia ni cheti cha ndoa, ambacho hutolewa kwa ndoa ya watu kumi sawa na ya watu mia tano. Lakini migogoro mingi ya mirathi huamuliwa nyumbani, haifiki mahakamani.

Kwa upande mwingine, mwanamke huyohuyo ndiye anayeumia deni linapobaki. Mchango wa kamati huwa haukamilishi bajeti, na pengo hujazwa na mkopo wa kazini, wa VIKOBA, au ule wa riba kali ambao watu wameupa jina la kausha damu. Wakati mwingine mmoja wa maharusi hukopa bila kumwambia mwenzake, na wanaanza nyumba huku siri ikiwa imekwisha kukaa kati yao. Luka 14 hiyohiyo inamtaka anayejenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Kamati huhesabu gharama za siku moja kwa umakini wa ajabu, na ni nadra sana kumwuliza bwana harusi atalipa kodi ya miezi sita kwa fedha gani.

Kwa maoni yangu, hatua yenye maana ni makanisa kuzitenganisha tarehe mbili ambazo mazoea yameziunganisha. Ndoa ifungwe mara wahusika wakiwa tayari kiimani, hata katika misa ya kawaida ya Jumapili, mbele ya usharika wote ambao hauhitaji kadi. Karamu ije siku hiyohiyo au baada ya mwaka, kwa ukubwa ambao familia zitauweza. Hilo halihitaji mabadiliko ya sheria ya Kanisa wala ya nchi. Linahitaji wazazi wakubali, na hapa ndipo ninapokosa ujasiri wa wahubiri. Mama aliyechangia harusi za watoto wa wenzake kwa miaka ishirini anajua kila shilingi iliyotoka mkononi mwake na nani anamdai nani. Harusi ya binti yake ndiyo siku pekee ambayo hayo yote yangerudi. Binti akichagua Jumapili ya kawaida na chai kwenye ukumbi wa parokia, anaokoa fedha zake, lakini anafuta madai ya mama yake bila kumwuliza. Paroko anayetaka mpango huu ufanikiwe itabidi akae kwanza na mama huyo, wala asidhani kwamba atamridhisha kwa kikao kimoja.