Coober Pedy na Mererani: barabara, mashimo na vifusi

Kutoka Adelaide, Australia, ninakoishi, hadi Coober Pedy, mji wa machimbo ya opali, ni takriban kilomita 850, na ukishakipita kijiji cha Glendambo zinabaki kama 250 zisizo na kituo hata kimoja cha mafuta. Mimi niliyezoea safari ya Arusha hadi Dodoma, ambako gari halisimami dakika mbili kabla mtu hajafika dirishani na karanga au mayai ya kuchemsha, niliendesha kwa saa nyingi nikipishana na malori ya matrela matatu tu, huku dumu langu la maji la lita 20 likigongagonga nyuma.

Opali, aina ya jiwe la thamani, iligunduliwa Coober Pedy mwaka 1915 na kijana wa miaka 14, Willie Hutchison. Kwa kuwa kiangazi joto hupita nyuzi 40, wakazi wengi wamechimba nyumba ardhini, ambako hubaki karibu nyuzi 24 mwaka mzima. Chumba nilicholala hakikuwa na dirisha, na meno ya mashine yalikuwa yameacha michirizi ukutani kama njia za kitana kichwani.

Nje ya mji kuna maelfu ya mashimo ya zamani yaliyo wazi, na ulinzi wako ni bango linalokuonya usikimbie wala usitembee kinyumenyume. Kwetu Mererani, serikali ilizungushia machimbo ya tanzaniti ukuta wa kilomita 24.5 mwaka 2018 ili kuzuia utoroshaji wa madini, jambo ambalo silibezi. Hata hivyo, nilivutiwa kuona kwamba Coober Pedy mgeni yeyote ana eneo lake la kuchakura vifusi bila kuulizwa kitu. Nilichakura kwa saa mbili nikaambulia kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Lakini nikawakumbuka akina mama wanaochekecha udongo wa aina hiyo hiyo Mererani, na nikaona kwamba uhuru ule niliousifia ni mwepesi kwangu kwa sababu chakula changu cha jioni hakikuutegemea.

Wakati wa kurudi nilisimama kando ya barabara kupiga picha. Gari la kwanza kupita lilipunguza mwendo, dereva akashusha kioo, akaniuliza kama nina maji. Nilipomwonyesha dumu, aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, akaondoka.