Shukrani mezani si deni la kumaliza sahani

Kuna aina ya shukrani ambayo wengi wetu tulilishwa pamoja na chakula: "Maliza hicho, kuna watu hawana." Mtoto anamtazama mzazi, anaitazama sahani, kisha anameza tonge la mwisho ilhali tumbo limeshajaa. Nia ya mzazi ni njema. Ila sioni tonge hilo linamfikiaje mwenye njaa, na mtoto anaondoka na somo moja: tumbo lako likisema basi, usilisikilize. Mimi ni mtetezi wa shukrani mezani. Naamini inasaidia afya kuliko nyingi za zile orodha za vyakula vya kuacha tunazotumiana kila kukicha. Ndiyo maana naanza kwa kuitenga na hii nyingine, ambayo kwa kweli ni deni.

Shukrani ninayoisema ni ndogo sana. Unakaa, unakitazama chakula kabla ya kukigusa, unakumbuka kuna aliyelima, aliyebeba na aliyesimama jikoni, ndipo unaanza kula. Mwenye dini ana dua yake ya kabla ya mlo, na nadhani waliozipanga dua hizo zitangulie tonge la kwanza walikuwa wanajua jambo. Asiye na dua anaweza kunyamaza kidogo. Kwa hoja yangu ya leo yote mawili yanafika palepale: mtu ametulia kabla ya kula, na mwili una kazi na utulivu huo.

Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi ambaye wengi tunamjua kwa habari za majaribio yake na mbwa, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu mmeng'enyo wa chakula. Alionyesha kwamba mate na majimaji ya tumboni huanza kutoka mnyama anapokiona au kukinusa chakula, kabla hakijashuka kooni. Yaani kukitazama chakula na kukinusa ni sehemu ya kula. Upande wa pili wa mlo nako kuna suala la muda. Utumbo huupelekea ubongo habari za shibe kwa njia ya homoni na neva, na habari hizo hazifiki papo hapo. Makadirio yaliyozoeleka ni kama dakika 20. Anayefagia sahani kwa dakika tano amemaliza kabla mwili haujapata nafasi ya kumwambia lolote.

Halafu kuna simu. Mwaka 2013 Eric Robinson na wenzake walikusanya majaribio mengi kuhusu kula huku akili iko kwingine, wakayachapisha katika jarida la American Journal of Clinical Nutrition. Anayekula akiwa ameshughulishwa na kitu kingine hula zaidi pale pale, na baadaye siku hiyo huongeza zaidi tena. Hilo la pili ndilo lililonishika. Suzanne Higgs, mtafiti wa Uingereza, alishaonyesha mwaka 2002 kwamba watu walioombwa kukikumbuka chakula chao cha mchana walikula vitafunio vichache zaidi baadaye. Wahenga wanasema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa fadhila za watu sawa, maana wema wa jana husahaulika upesi. Kwa tumbo mambo ni tofauti kidogo: mlo uliokumbukwa unaendelea kushibisha, na mlo ulioliwa huku macho yako kwenye kioo cha simu ni kama haujaliwa. Ukikitazama chakula ukakishukuru, utakikumbuka. Kwangu hiyo ni sababu tosha, hata bila nyingine.

Kuhusu shukrani yenyewe ushahidi upo, ila tusiutwike mzigo usiouweza. Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 majaribio ambayo hutajwa kila mahali. Katika mojawapo, wanafunzi wa chuo kikuu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10: wengine mambo wanayoyashukuru, wengine yaliyowakera, wengine matukio ya kawaida. Walioandika shukrani waliripoti matatizo machache ya mwili na mazoezi mengi zaidi kuliko walioandika kero. Jambo ambalo wanaolitaja jaribio hili hupenda kuliruka ni kwamba katika jaribio lililofuata, la kuandika kila siku kwa muda mfupi zaidi, faida hizo za kimwili hazikujitokeza. Na mwaka 2019 Megan Fritz, Sonja Lyubomirsky na wenzao waliripoti kwamba vijana walioandika barua za shukrani kila wiki walisema wanakula vizuri zaidi kuliko wenzao waliopewa zoezi jingine. Walisema wenyewe, lakini. Hakuna aliyekwenda kupima sahani zao. Maelezo waliyoyatoa watafiti yananiingia akilini: shukrani ilipunguza hisia mbaya, na hisia mbaya ndizo zinazotupeleka kwenye vitu vitamu. Nani hajawahi kutafuna kitu baada ya ugomvi, wala njaa hana?

Ila mimi nadhani kazi kubwa ya shukrani haiko kichwani mwa mlaji. Iko jikoni. Angalia inavyokwenda katika nyumba nyingi. Chakula chenye mafuta na chumvi ya kutosha kikiletwa, watu wanasifu, wanaongeza. Mboga zikiletwa, kimya. Au kunaguna. Mpishi ni binadamu, anasikia. Baada ya muda anapika kile kinachosifiwa, kisha sote tunashangaa kwa nini nyumba nzima presha iko juu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale matunda na mboga angalau gramu 400 kwa siku, na chumvi isifike gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Vipimo hivi havitimizwi na mtu mmoja mwenye nia njema. Vinatimizwa na sufuria, na sufuria inamfuata anayeipika.

Kwa hiyo shukrani iwe na jina na sababu. "Asante kwa chakula," iliyosemwa huku mtu anainuka, ni adabu, na adabu si haba. Lakini "leo mboga umezitoa mapema, hazijalegea" ni habari. Mpishi ataitumia kesho. "Umepunguza chumvi na ladha bado ipo" ni habari kubwa zaidi, maana kupunguza chumvi ni kazi isiyo na makofi. Na kama anayepika ni yuleyule kila siku, shukrani bora kuliko zote huenda ikawa kuosha vyombo. Anayeishi peke yake naye asijidharau: akimaliza kujipikia chakula cha maana baada ya siku ndefu, ana haki ya kukaa chini na kukila kwa heshima, badala ya kukimalizia amesimama huku ameegemea friji.

Mipaka ipo. Usimhubirie shukrani mtu asiyejua atakula nini jioni, mpe chakula. Mwenye kisukari aendelee na dawa na vipimo vyake, kwa sababu kushukuru hakubadilishi kiasi cha wanga kilichomo sahanini. Na kuna watu ambao chakula chenyewe kimewageukia hofu, wanajinyima mpaka wanadhoofu au wanakula mpaka wanajitapisha. Hao kuwaambia "shukuru tu" ni kuwaongezea aibu juu ya ugonjwa. Wanahitaji mtaalamu wa afya, na mapema.

Wala shukrani haidai uongo. Siku chakula kimeungua, kimeungua. Mpeni mpishi pole, leni kinacholika, na kilichogeuka mkaa kiacheni kwenye sufuria, maji yailoweke mpaka asubuhi.