Eti digrii moja tu

Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bila shaka na wewe ushaforwadiwa. Jamaa anaongea kwa kujiamini kama khatibu: Zanzibar joto lipo tangu enzi za mababu, leo watu wanakuja na makaratasi yao wanatwambia dunia imepanda digrii moja na nusu, sasa digrii moja na nusu ndio nini, mimi nikitoka kivulini nikaingia juani nishapanda kumi. Chini yake emoji za kucheka hazina idadi, na wanaocheka ni watu wazima na akili zao, wengine walimu wa watoto wetu.

Haya, yakhe kapenda hesabu, tumpe hesabu.

Kwanza hilo la kivuli na jua. Kipimajoto cha watu wa hali ya hewa pale uwanja wa ndege Kisauni hakikutundikwa juani, kinakaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, makusudi kabisa, ili hoja kama yako isipate pa kukaa. Tuendelee.

Unguja mwaka mzima unazunguka ndani ya digrii tatu nne tu. Chukua wastani wa mwezi, usiku na mchana pamoja: Julai Agosti, kipupwe, tupo kwenye 25 hivi, Februari Machi kaskazi imekaza tupo 28 na kitu. Basi, ndio yote hiyo. Tofauti ya kulala umejifunika shuka na kulala sakafuni mgongo wazi, yote inaingia ndani ya digrii tatu nne. Kule Moscow kati ya Januari na Julai wanapita digrii 20, mti wa kule na mdudu wa kule na binadamu wa kule wote wamezoea kupandishwa na kushushwa kila mwaka, ukiwaongezea digrii moja inapotelea humo humo. Tuongezee sisi digrii moja umeshaongeza robo nzima ya safari ya kutoka kipupwe mpaka kaskazi. Na unaiongeza juu, kule ambako tayari tulikuwa tunahema. Ndio maana nchi za tropiki namba zao za kupanda ni ndogo kuliko za kule kwenye barafu ila mabadiliko yanatoka nje ya mazoea mapema zaidi. Namba ndogo lakini nafasi yenyewe ndogo zaidi, ni kitu gani kigumu hapo?

Halafu kuna bahari, maana sisi hewa yetu yote inatoka baharini. Bahari ya Hindi upande wetu huu wa magharibi imepanda zaidi ya digrii 1 tangu mwanzo wa karne ya 20, na ni katika sehemu za bahari ya tropiki zilizopanda kwa kasi kubwa. Muulize tumbawe digrii moja ni nini. Maji yakizidi wastani wa mwezi wake wa joto kuliko yote kwa digrii moja, yakakaa hivo wiki kadhaa, tumbawe linavitema vijimwani vinavyolilisha na linabaki jeupe kama mfupa. Digrii moja, ile ile mnayoichekea. 1998 tuliona, 2016 tukaona tena, 2024 tena.

Lakini mimi hasa kilichonipandisha hasira si matumbawe, ni mwani. Mwani wa biashara ulianza 1989 Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, mbegu zimetoka Ufilipino, na mwanzoni wanaume walikuwemo, wakaona kazi ngumu pesa ndogo wakaondoka, wakabaki wanawake. Shangazi yangu ni mmoja wao. Hao ndio wamesomesha nusu ya watu wanaocheka kwenye hiyo voisi, wameezeka nyumba, wamenunua makabati na vitanda vya kuozea watoto, kwa kusimama ndani ya maji ya magoti kila bamvua, maji yakipwa sana, kiuno kimepinda, wanafunga vijishina kwenye kamba. Kulikuwa na aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndio yenye pesa, bei yake karibu mara mbili ya mwenzake. Na kotonii ndio haitaki joto. Inapenda maji ya 25 mpaka 30, sasa yale maji ya ndani ya mwamba, maji mafupi yale, yakipwa mchana wa kaskazi na jua la utosi yanapita hapo bila kuomba ruhusa. Mwani unaanza kuwa na madoa meupe, unalainika, unakatika wenyewe, asubuhi unakuta kamba tupu.

Shangazi alinambia zamani kabla hata sijawahi kusikia neno tabianchi. "Mwanangu, maji yamekuwa ya kuogea mzazi. Mtu anatia mguu anautoa." Sasa huyu mama hana grafu, hajui wastani wa miaka thelathini ni mdudu gani, lakini miguu yake imekaa ndani ya maji yale miaka mingi kuliko kifaa chochote cha mtafiti, na alisema mapema, na hakuna aliyemuuliza.

Walipokuja kumuuliza, wamemwita semina. Hoteli, AC imewekwa mpaka wanawake wanajikunyata ndani ya mabuibui yao, fulana zimegawiwa, mwezeshaji kasema suluhisho ni kulima maji makubwa. Ni kweli, sikatai, wapo watu waliolifanyia kazi hili kwa moyo, Dokta Flower Msuya, mtafiti wa mwani, kahangaika miaka na hawa akina mama, ile njia ya kupanda kotonii ndani ya nyavu za mrija kwenye kina ni kitu cha maana, kule maji yamepoa. Ila maji makubwa yanataka boti, na yanataka mtu ajue kuogelea, na wengi wa hawa kina mama hawajui kwa sababu tangu wadogo nani alimfundisha mtoto wa kike kuogelea? Fulana haielei.

Na nakubali, shingo upande, si kila jasho ni la tabianchi. El Niño, lile joto la bahari ya Pasifiki linalokuja kila baada ya miaka kadhaa, ilichangia miaka yote ile mitatu ya matumbawe niliyoitaja. Mjini tumejitakia wenyewe, tumeacha kuta nene za mawe na chokaa na dari refu tukajenga matofali membamba juu bati, miembe tumekata kupata pa kuegesha gari, halafu usiku tunashangaa. Wenye kumbukumbu ya 2009 kuingia 2010, miezi mitatu bila umeme kisiwa kizima, wanajua usiku bila feni ndani ya nyumba ya bati ukoje. Moshi wetu sisi kwenye hesabu ya dunia hauonekani, hilo nalo kila mtu analijua na halimpoozi mtu.

Mimi ombi langu ni dogo. Kisauni wapime hewa yao, sawa, ila yale maji ya Jambiani, Paje, Bwejuu, kule Pemba ambako sasa ndio unatoka mwani mwingi, kila kikundi kipewe kipimajoto cha maji, akina mama waandike wenyewe kila bamvua, na namba zibandikwe pale pale wanapouzia mwani, kwa Kiswahili. Bei ya fulana za semina moja inatosha na chenji inabaki. Na yule bwana wa voisi aje Februari, maji yakipwa, saa saba mchana, avue viatu aingie nao. Akishamaliza kamba kumi ndio arikodi nyingine.